Umekula Nini Leo

Mwanangu Haitham,

Nilipokuwa skuli Unguja, mwalimu wetu alitufundisha kuanza barua kwa namna moja tu. Unatoa salamu, halafu unaarifu hali yako: mimi huku ni mzima wa afya njema, wasiwasi wangu uko kwako wewe uliye mbali. Hata kama una homa inayokutetemesha, sentensi ile unaiandika vilevile, kwa mwandiko mzuri, kisha unaendelea na habari nyengine. Mimi nilikuwa hodari wa barua darasani. Sentensi ile nimeiandika miaka mingi, nikaisema kwenye simu miaka mingi zaidi, na wala sikuwahi kusimama nikajiuliza kama ni kweli.

Leo nimeiruka. Hali yangu nitakwambia mwishoni, nikishakueleza kwanza kwa nini.

Wewe uko mtaa wa Moseley unaagana na wenzako. Baba yako yuko nje anapima upepo wa matairi kwa mara nyengine tena, utadhani kesho tunavuka jangwa, si kukupeleka Glasgow kwa barabara kuu. Mimi niko jikoni, kwenye kiti chako, na mashine ya kufulia inazungusha nguo zako za mwisho. Soksi zako moja moja nimezikubali zilivyo. Nimeshachoka kutafuta wenzake.

Usiogope, sikuandikii mambo ya kufua. Wala sikuandikii siku ya kutoa pipa la taka, wala namna ya kuzima hita ukitoka, wala kwamba sufuria ya wali hailowekwi siku tatu. Hayo yote nimeshayasema mpaka mdomo umeniuma, na ukifika huko utayafanya kwa njia yako, mengine utayakosea, na nyumba haitaanguka. Najua pia kwamba barua hii utaisoma polepole, kwa sauti, ukiufuata mstari kwa kidole kama ulivyokuwa ukisoma udogoni. Ukikwama, nipigie. Nitafurahi kupata kisingizio.

Ninachotaka kukueleza ni kitu ambacho umekisikia nusu nusu. Nusu nyengine nilikuwa nakuficha, na leo nimeona sina sababu ya kuificha.

Ulipozaliwa tulikuwa tunakaa Bordesley Green, hapa hapa Birmingham, kwenye ile nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na wenzake mstari mzima, ambayo wewe unaijua kwa picha tu. Baba yako alikuwa anafanya kazi ghalani usiku, mchana analala. Ilikuwa majira ya baridi, zile siku ambazo giza linaingia hujamaliza hata kuosha vyombo vya mchana. Kwetu mzazi haachwi peke yake mpaka arubaini yake ipite. Anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anaogeshwa na watu wanaojua, na nyumba inajaa wanawake wanaosema sana. Mimi arubaini yangu niliikaa na hita ya ukutani. Haikuwa na maneno mengi, na ikifika saa nne inazima.

Sikuwa nalia. Watu wanadhani mtu akiugua moyo analia. Mimi nilikauka. Nakutazama pale kwenye kitanda chako kidogo na najua kuwa huyu ni mwanangu, najua kama navyojua nambari ya nyumba yetu, lakini ndani hapakuwa na kitu. Nakunyonyesha, nakurudisha. Mapazia yamefungwa asubuhi, yamefungwa mchana. Birika nalichemsha, linazima, nasahau kwa nini nililichemsha, nalichemsha tena. Nguo zako nikaacha kuzifua. Zilipoisha safi nikawa nakuzungushia kanga zangu, na kanga zilipoisha nikageuza upande.

Naiandika hii kwa moyo mkunjufu, Haitham, kwa hiyo isome hivyo hivyo. Nilikupenda. Mapenzi yalichelewa kufika tu, na yalipofika yalikuja na mizigo yao yote.

Sasa, palikuwa na nesi aliyekuwa akija nyumbani kutazama wazazi wapya. Mama wa makamo, ana viatu vya raba, uso wake una huruma ya kweli. Siku ya kuja yeye ndiyo siku pekee niliyokuwa naamka. Naamka alfajiri! Nafungua mapazia, nafagia ngazi, nachoma udi, nakuvisha ile suti nyeupe niliyokuwa nimeificha kwa ajili hiyo hiyo. Mimi mwenyewe navaa kanga mpya na wanja. Nachemsha chai ya maziwa na iliki, natoa visheti nilivyopika usiku. Anakaa, anakupima, anakunywa chai, kisha anaiweka kalamu yake chini na kunitazama.

"And how are you in yourself, bab?"

Bab ndilo neno lao la mapenzi hapa Birmingham, unalijua. Na mimi najibu, "Fine, thank you, very fine. And you? And your children? And your journey was good?" Kila alichoniuliza nilimrudishia vitatu. Akawa anacheka, anasema hajawahi kuulizwa hali na mtu yeyote kazini kwake kama ninavyomuuliza mimi. Anasifu nyumba. Namfungia visheti akale na wanawe. Anaondoka ameshiba, na mimi nafunga mapazia kabla gari lake halijafika kona.

Simlaumu hata kidogo. Yule mama alikuja kazini kwake, mimi nikamfanya mgeni. Na sisi mgeni hatumsimulii shida, mgeni tunamlisha. Hakuna aliyenifundisha kwamba nchi hii kuna mtu anaingia nyumbani kwako, anakaa kwenye kochi lako, anakunywa chai yako, na bado si mgeni, amekuja kusikia hasa lile ambalo mgeni hatakiwi kulisikia. Nilikuwa najivunia! Nilimwambia baba yako, leo tumempokea vizuri.

Jumapili nilikuwa nampigia bibi yako Unguja kwa zile kadi za simu za kukwangua.

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama, wazima kabisa. Nyinyi?"

"Wazima, alhamdulillahi. Mtoto?"

"Mnene, mashallah. Anacheka."

Ulikuwa hujaanza kucheka, na mimi ndiyo usiseme. Miaka ilipita ndipo nikaja kujua kwamba wiki zile bibi yako alikuwa amelazwa hospitali, na simu alikuwa akipelekewa kitandani, na watu wote wa wodi wakiambiwa wanyamaze ili mimi nisisikie. Wagonjwa wawili tunapeana habari za uzima. Kila mmoja aliamini anamlinda mwenzie. Bibi yako aliponisimulia tulicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikatukatika, kwa sababu tulikumbuka kuwa tungeweza kupoteana kabisa tukiwa katika hali ile.

Aliyenitoa ni Mama Furaha. Wewe unamjua Mama Furaha wa sasa, anayekuletea pilipili ya chupa na kukwambia unyoe. Yule wa wakati ule sikuwa namjua. Nilijua tu kuna mama wa Kikongo kwenye nyumba inayopakana nasi kwa nyuma, na dirisha lake la jikoni linatazama uwani kwetu. Siku moja aligonga mlango. Hodi hakuna, aligonga kama askari. Nilipofungua alikuwa amevaa koti juu ya kitenge, na salamu hakunipa.

"Mama, mi nauliza: nguo za mutoto ziko wapi? Kila siku naangalia ku kamba yako. Sioni hata soksi."

Fikiria, Haitham. Mimi nimesimama pale nywele zimenisimama, nanuka maziwa, na kitu kilichonitoka ni: "Sijambo, karibu ndani, nikupe chai."

"Mi siombi chai. Sikukuuliza kama uko muzuri. Weye ulikula nini leo?"

Nikafungua mdomo nimwambie nzuri. Nzuri haikutoshea. Swali la habari jibu lake linakaa tayari mdomoni, hulifikirii, linatoka lenyewe hata ukiwa unazama. Hili halikuwa na jibu la tayari. Ilibidi nifikiri. Nikafikiri asubuhi, hakuna kitu. Nikarudi nyuma nikafikiri jana. Nikamwambia, "Sijui." Na hapo ndipo nilipolia, mbele ya mtu nisiyemjua jina, mlango uko wazi na baridi yote ya Birmingham inaingia ndani.

Hakunibembeleza. Aliingia, akakuchukua, akakufunga mgongoni kwa kitenge chake, akaenda kwake na kurudi na sombe, kisamvu cha kwao, aliyokuwa ameigandisha kwenye friza. Akasonga ugali wake. Alikaa mbele yangu akinitazama mpaka sahani ikaisha, kama mama anayemlisha mtoto mtundu. Kesho yake alinipeleka kwa daktari, akakaa kiti cha pembeni, na kwa Kiingereza chake cha siku zile akasema maneno yote ambayo mimi mwenye cheti cha kidato cha nne nilishindwa kuyasema: "She no eat. She no wash. She say fine. Is not fine."

Nilipona. Nilipona kwa dawa, kwa kuzungumza na mtu kila wiki, na kwa sombe. Ilichukua muda. Siku ya kwanza niliyoanika nguo zako uwani zikaganda kwa baridi, zikasimama wima kama samaki wa ng'onda. Nikasikia mtu anapiga vigelegele. Mama Furaha, kwenye dirisha la jikoni kwake, na mikono ina povu.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kutazama kamba za watu. Tulipohamia hapa Erdington nikaona kwamba Waingereza nao wana desturi yao. Unamkumbuka Bi Maureen wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akikupa biskuti za tangawizi na kukuuliza kama umekuwa mtoto mwema wakati jibu analijua? Nilikuwa nikidhani yule bibi ni mpelelezi. Nikilala na mafua, saa tatu tu ananigongea: mapazia yako hayajafunguliwa, nimeona nije. Hana habari ya umeamkaje wala umelalaje. Mapazia. Akishaniona nimesimama, anarudi kwake, basi. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikaelewa kwamba hiyo ndiyo hodi yao, na tangu hapo asubuhi na mapema kitu cha kwanza nikishuka ni kuvuta pazia la mbele. Naye akiona, anavuta lake. Kwa miaka tulisalimiana hivyo, mimi na yeye, na ukitutia kwenye chumba kimoja hatuna hata maneno ya kujaza kikombe.

Ungedhani basi nimeshajifunza. Nilijifunza, lakini nilijifunza kwa ajili yangu. Wewe nilikulea kwa sentensi ile ile ya mwalimu wangu.

Hukumbuki, ulikuwa mdogo sana, hata skuli hujaanza. Tulikuwa na wageni, sebule imejaa, kila mtu na sahani yake. Mzee mmoja akakuita. "Habari yako, bwana?" Ukamtazama, ukafikiri, ukasema kwa Kiingereza chako kilichonyooka, "Bad." Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikufinya paja chini ya meza na kukunong'oneza, nzuri, sema nzuri. Ukasema nzuri. Wakakupigia makofi.

Tangu hapo hukukosea tena. Umerudi skuli na mdomo umevimba, "I'm fine, Mum." Umeachwa nje ya timu ya mpira uliyoililia mwaka mzima, fine. Bibi yako alipofariki, ukakaa kwenye ngazi na uso mkavu ukipokea watu viatu, na shangazi zako wote wakasema, mashallah, mtoto amelelewa. Na mimi nikafurahi kusikia hivyo. Ndilo linaloniuma, kwamba nilifurahi.

Kisha ukaenda Sheffield, chuo kikuu.

Hatujaizungumza sana Februari ile, na leo pia sitaizungumza sana, lakini nataka ujue upande wangu. Tulikuwa tunaongea kila Jumapili. "Mambo vipi, baba?" "I'm good, Mum, just at the library." Sauti yako ilikuwa nzuri. Nakwambia nilikuwa naisikiliza kama fundi anavyosikiliza injini, na sikusikia kitu, kwa sababu mwalimu wako wa sauti ile ni mimi. Nilikuja siku ile si kwa wasiwasi wowote. Nilikuja kwa kiherehere. Nilikuwa nimepika pilau nyingi, nikasema nitamshtua, nikapanda treni na sufuria nimeifunga kwenye kanga, nimeipakata njia nzima kama mtoto, na watu wote wa behewa wananusa wanageuka.

Mwenzio aliyenifungulia mlango alinitazama mimi, akatazama sufuria, akasema, "Oh, thank God." Nikampita na sufuria yangu mpaka chumbani kwako.

Pazia limefungwa. Vikombe kila mahali. Wewe kitandani, umevaa koti la nje, na taa haijawashwa. Na kabla sijasema neno ukaniambia, "I'm fine, Mum."

Unajua nilifanya nini? Unajua, ulikuwepo. Nilianza kusafisha. Mungu anisamehe. Mtoto wangu yuko pale, yuko mahali ambapo mimi nilikuwapo na ninapajua kila pembe, na mimi nakusanya vikombe. Niliosha vyombo vya nyumba nzima, pamoja na vya wenzio. Nilipangusa jiko, nilibadilisha shuka huku wewe umesimama umejifunga mikono. Nilikuwa nazungumza bila kituo: nguo hizi, vumbi hili, kwani hapa hamna ufagio? Nilikuwa natayarisha nyumba kwa ajili ya nesi, hata nesi hayupo. Mpaka nilipokuwa nafuta dirisha la jikoni kwenu nikaona uwani kuna kamba, na kamba haina kitu.

Nikarudi chumbani, nikakaa chini, sakafuni, na matambara yangu. Nikakuuliza, "Haitham, mara ya mwisho umekula nini?"

Ukavuta zipu ya koti lako juu, ukaishusha. Halafu ukasema, "Sijui, mama."

Kwa Kiswahili. Wewe, ambaye tangu uanze skuli nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, mimi nakuuliza njaa wewe unaniambia I'm starving. Ukasema sijui, mama, kwa sauti ile ile uliyokuwa nayo ulipokuwa mdogo ukitaka kubebwa. Pilau siku ile ulikula vijiko viwili tu. Lakini uliingia kwenye treni na mimi, ukalala kwenye bega langu mpaka stesheni yetu ya New Street, na sufuria tukamwachia yule mwenzio aliyetuokoa.

Watu waliniuliza, kijana karudi, vipi masomo? Mara ya kwanza nilisema anapumzika. Mara ya pili nikasema, amekuwa mgonjwa, anatibiwa, anaendelea. Mbingu haikuanguka. Shangazi mmoja tu ndiye aliyenuna, na yule hununa hata harusini.

Na wewe ukaanza kuamka. Nilikuona. Daktari, dawa, yule dada wa Alhamisi unayezungumza naye. Kazi ya duka pale High Street, ambayo ulianza kwa kulalamika ukamaliza unawajua wateja wote kwa majina na maradhi yao. Asubuhi moja ya Juni nikashuka nikakuta pazia la mbele limeshavutwa, na nje umeanika nguo, zote kichwa chini miguu juu, vibanio viwili kila soksi. Nilisimama pale dirishani nikatamani nipige vigelegele, ila nikaona majirani watapiga simu polisi. Na ulipokuja kuniambia kuwa Sheffield hurudi, unataka kujifunza ufundi wa treni, sikushangaa hata kidogo. Nani aliyekuwa akinisimamisha kwenye daraja la stesheni ya Erdington mpaka pua zinakuwa nyekundu, tusubiri moja nyengine, Mum, moja tu? Wamekuchukua huko Glasgow kwa sababu wameona nilichokiona mimi pale darajani. Umeshikwa na kitu unachokipenda. Sina wasiwasi na mikono yako wala na akili yako.

Usiende Glasgow ukidhani unakwenda kujaribiwa. Ulishakwenda mahali pabaya ukarudi, na njia ya kurudi unaijua. Wako watu wazima wenye mvi ambao hawaijui.

Ninachokuomba ni kimoja. Simu yangu ya Jumapili itakuja, na sitakuuliza habari. Nitakuuliza umekula nini. Utaona ni swali la kizee, wenzako watacheka, mama yake kila siku chakula. Waache wacheke. Ukiwa umekula, utaniambia chipsi, utaniambia wali umeungua, nitakusuta kidogo, tutaendelea. Na siku ambayo hujui, sema hujui. Neno moja tu, kwa lugha yoyote. Sitapiga kelele. Sitakuja na ufagio. Nitakuja na sufuria nikae sakafuni, na tukishindwa wawili tutamwita Mama Furaha.

Na wewe uwe na ruhusa ya kuniuliza mimi.

Sasa nakuja kwenye leo. Ulipokuwa unavaa viatu jioni hii, ulisimama mlangoni ukageuka. "Mum. What've you eaten today?" Nikakwambia, nimeshakula, nimeshakula, nenda, wenzako wanakungoja. Nikakusukuma kwa kitaulo. Ulinitazama kidogo, ukaniacha. Ukaniheshimu, kama ulivyofundishwa.

Nilikudanganya, Haitham. Nilikudanganya bila hata kufikiri, baada ya yote haya, nikiwa na mwiko mkononi. Uliposhika njia ndipo nikajisikia nilivyosema, na ndiyo sababu nikaenda kutafuta karatasi. Nikikudanganya mimi leo mlangoni, Jumapili utanidanganya wewe, na tutakuwa wawili wazima kabisa, kama mimi na bibi yako.

Basi hii ndiyo ile sentensi niliyoiruka. Hali yangu si njema. Leo sikula kitu. Chai ya asubuhi nimeisahau mpaka imefanya utando. Nimepika pilau tangu saa nane, nimejaza makontena yako yote, nimeandika na majina juu ya vifuniko, na hata punje moja haijapita kooni. Nina hofu. Nakuamini, na nina hofu, vyote viwili vimekaa kifuani kwangu na hakuna kinachompisha mwenzie. Chumba chako kitakuwa kimya, na mimi sijui bado nitafanyaje na ukimya ule. Asubuhi keshokutwa nitashuka nitapika uji wa watu watatu, najijua.

Ngoja kidogo.

Nimerudi. Nimepakua sahani. Nimefungua kontena lako moja, lile kubwa, usiniulize. Nimekula pilau na kachumbari, na viazi viwili, vile vilivyokauka chini ya sufuria ambavyo huwa tunavigombania. Mashine imenyamaza, na baba yako ameingia ndani, amenikuta nalia na kula kwa wakati mmoja. Amechukua kijiko akakaa.

Kesho tukikushusha na kurudi, usinitumie ujumbe kwamba umefika salama, mimi na baba yako tutakuwa tumekuona umefika. Subiri usiku, ukishakaa peke yako kwenye chumba chako, na pazia, na kitanda kisichokujua. Hapo ndipo uniandikie. Usiniambie u mzima. Niambie umekula nini.

Mama yako